Huna risiti, huna kura? Ada ya huduma na mikutano ya wenye fleti Eastlands

Shangazi yangu alinunua fleti ya vyumba viwili upande wa Eastlands, Nairobi, kwa pesa za kiinua mgongo cha marehemu mumewe. Jumapili moja alivaa buibui lake, akashuka ngazi za ghorofa nne kwenda kwenye mkutano mkuu wa kampuni ya jengo lao. Mlangoni aliikuta meza, na juu ya meza orodha ya majina. Kijana aliyekaa pale akapitisha kalamu, akamwambia: "Mama, wewe uko na deni. Unaweza kukaa usikize, lakini hupigi kura."

Kura ya siku hiyo ilikuwa ya kupandisha ada ya huduma kutoka shilingi 3,500 hadi 6,000 kwa mwezi, na kumkodishia muosha magari sehemu ya maegesho. Yote mawili yalipita. Shangazi alikaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Jioni akanipigia simu.

"Mwanangu, wewe ndiye msomaji wa mambo haya. Kweli nyumba ni yangu na sauti sina?"

"Shangazi, nitumie karatasi zote ulizopewa uliponunua."

"Karatasi zipi? Mimi nilipewa funguo."

Niliyoandika hapa yametokana na siku nilizokaa na karatasi hizo zilipopatikana hatimaye, pamoja na sheria zinazohusika. Mimi si wakili, na mwenye kesi amwone wakili. Lakini mengi ya mambo haya mtu aweza kuyajua mwenyewe kabla ya kufika huko.

Msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu aweza kuuliza yanamhusu nini. Kwanza, jamaa zetu wako kule. Pumwani ya Majengo imekuwa makao ya Waislamu tangu miaka ya 1920, na kutoka hapo watu wamesambaa Eastleigh, Buruburu, Umoja, Donholm, Komarock na Embakasi. Pili, fleti zimetufuata nyumbani: tazama Buxton, tazama Nyali na Tudor. Tatu, sisi wa pwani tunajua kuliko wengine maana ya nyumba bila ardhi, pale ukuta ni wako na mchanga ni wa mwingine. Fleti ni binamu wa jambo hilo. Unamiliki chumba kilichoning'inia hewani, na ngazi, paa, tangi la maji, kisima na uwanja ni mali ya wote kupitia chombo fulani. Mwenye kura katika chombo hicho ndiye mwenye ardhi. Asiye na kura ni kama mpangaji aliyelipa pesa nyingi sana.

Kwanza jua chombo chenu ni kipi

Watu Eastlands husema "kampuni" au "kamati" kwa kila kitu, na hapo ndipo fujo huanzia. Vyombo ni vitatu, na kila kimoja kina kanuni zake za deni na kura.

Cha kwanza ni chama cha wakazi. Chukua Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970. Nyumba nyingi pale zina hati zake, kila mtu na yake. Baadaye majirani wa koti moja walichanga, wakaweka geti, wakaajiri askari na mtu wa taka. Mchango ule ni wa makubaliano. Chama huandikishwa kama jumuiya, au siku hizi kama kikundi chini ya Sheria ya Kuandikisha Makundi ya Kijamii ya 2022, na katiba yake huwabana wale waliojiunga. Jirani ambaye hakuwahi kujiunga hana kura na ni vigumu kumdai kama mdaiwa wa mkataba, ingawa geti lamlinda na yeye. Inauma, lakini ndivyo ilivyo. Aliyejiunga kisha akaacha kulipa hunyimwa kura ikiwa katiba ya chama imesema hivyo.

Cha pili ni kampuni ya usimamizi, na ndiyo iliyo katika majengo mengi ya fleti yaliyouzwa. Aliyejenga huunda kampuni, na ardhi, akishauza, hutakiwa ihamishiwe kampuni hiyo. Kila mnunuzi hupewa mkataba wa umiliki wa muda mrefu, tuseme miaka 99, pamoja na hisa moja ya kampuni. Ikiwa kampuni ni ya dhamana, isiyo na hisa, hupewa uanachama. Ada ya huduma imeandikwa ndani ya ule mkataba. Kura imeandikwa ndani ya katiba ya kampuni. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo ya karatasi mbili, kwa sababu kesi ya shangazi imo humo.

Cha tatu ni shirika la wenye nyumba chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuchukua nafasi ya ile ya 1987. Hapa mpango wa jengo ukishasajiliwa, kila fleti hupata hati yake kamili, na wenye nyumba wote huwa shirika kwa nguvu ya sheria. Hakuna hisa. Kura hupimwa kwa kigawo cha kila nyumba kilichoandikwa kwenye mpango, na michango hufuata kigawo hichohicho. Mikataba ya zamani ilitakiwa kugeuzwa ndani ya miaka miwili, lakini majengo mengi bado yako kwenye kampuni, na usishangae ukiambiwa la kwenu ni mojawapo.

Deni la hisa na deni la ada

Haya, sasa twende kwenye meza ya mlangoni.

Sheria ya Kampuni ya 2015 humpa kila mwanachama haki ya kuhudhuria, kusema na kupiga kura, isipokuwa pale katiba ya kampuni inapoweka mpaka. Kwa hiyo swali la kumuuliza kijana wa orodha ni moja: kifungu gani?

Kampuni nyingi zilizoandikishwa miaka ya nyuma zilinakili kanuni za mfano za sheria ya zamani, ile Cap 486. Humo mlikuwa na kifungu kinachosema, kwa maana, kwamba mwanachama hapigi kura ikiwa hajalipa fedha anazodaiwa kuhusu hisa zake. Wenyekiti wengi husoma hapo, wakafunga kitabu na kusema, "Mmeona? Mdaiwa hana kura."

Soma tena. Ni fedha kuhusu hisa. Hisa ya shangazi ni shilingi 100, na ililipwa siku aliponunua fleti. Ada ya askari, taa za ngazi na pampu ya kisima haidaiwi kwa sababu ya hisa. Inadaiwa kwa sababu ya mkataba wa fleti. Ni deni kweli, na ni deni la kulipwa, lakini si deni la hisa. Kifungu kile peke yake hakitoshi kumnyang'anya mtu kura kwa ajili ya ada ya huduma.

Lakini usikimbilie kusherehekea. Kampuni za dhamana mara nyingi huandikwa kwa maneno mapana zaidi: fedha zozote ambazo mwanachama anadaiwa na kampuni. Hapo ada yaweza kuingia. Na mawakili wa siku hizi wameshajifunza, wengi huandika waziwazi kwamba mwenye malimbikizo ya ada ya huduma hapigi kura wala hagombei ukurugenzi. Kikiwepo kifungu kama hicho, kinakubana, kwa kuwa katiba ya kampuni ni mkataba kati ya wanachama wote. Kama ni shirika la sheria ya 2020, tafuta jambo hilohilo katika sheria ndogo za shirika, na tazama limehusu kura zote au kuna zilizoachwa nje.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa njia tofauti, na inafaa tuzijue. Katika jimbo la New South Wales, Australia, ambako sheria za aina hii zilianza mapema, kura ya mwenye malimbikizo haihesabiwi isipokuwa katika maamuzi yanayohitaji kauli moja ya wote. Afrika Kusini wamekwenda upole zaidi: mwenye deni hupoteza kura ya maamuzi ya kawaida baada ya mahakama au msuluhishi kuamuru alipe na akakataa, na kura ya maamuzi makubwa hubaki naye. Tanzania ina sheria yake ya 2008 na Zanzibar ya 2010.

Mimi moyo wangu uko na Afrika Kusini. Sababu ni kwamba orodha ya mlangoni huandikwa na mtu mmoja, mweka hazina, na mara nyingine mweka hazina huyohuyo ndiye anayegombea tena siku hiyo. Kumpa kalamu ya kuamua nani apige kura ni kumfanya hakimu wa kesi yake mwenyewe.

Upande wa pili wa meza

Nisimwonee mweka hazina. Nimewahi kukaa kwenye kamati, na najua adha yake. Fanya hesabu ya jengo la fleti 24, kila moja shilingi 3,500. Kwa mwezi ni 84,000. Tisa wasipolipa, pengo ni 31,500, na mkononi hubaki 52,500. Hapo kuna mishahara ya askari wawili wa kupokezana, stima ya pampu, gari la kunyonya choo, taka. Mwezi wa kwanza mnakopa. Wa pili askari wa usiku anaacha kazi. Wa tatu pampu inaungua, na wale 15 wanaolipa wanaambiwa wachange tena. Wale tisa wanapanda ngazi zilezile, wanateka maji yaleyale, halafu siku ya mkutano ndio wenye sauti kubwa. Mwenye uwezo anayechelewesha haki ya watu anadhulumu, na hilo katika dini yetu halina utata.

Sasa tazama hesabu za kura katika jengo hilohilo. Tuseme wale 15 wanataka kubadilisha katiba ya kampuni ili iseme waziwazi kwamba mwenye malimbikizo hapigi kura. Kubadilisha katiba kwahitaji azimio maalumu, yaani si chini ya asilimia 75 ya kura. Wote 24 wakipiga, zahitajika kura 18. Wale 15 hawatoshi, ni lazima wawapate watatu kati ya wadaiwa wenyewe. Lakini wadaiwa wakikaa nyumbani na wakapiga kura wale 15 pekee, kura 12 zatosha. Ndiyo maana nawaambia wote, wanaolipa na wasiolipa: anayesusia mkutano amepiga kura bila kujua.

Na kuna hili la mikono. Kuhesabu kwa kuinua mikono ni rahisi, mtu mmoja mkono mmoja, hata kama ana fleti sita. Ikidaiwa kura ya kuhesabiwa kwa hisa, mwenye fleti sita ana sita. Majengo ambayo aliyejenga bado hajauza nyumba zote, au amejiwekea hisa za pekee ndani ya katiba, huwa yanashangaza watu hapo. Tazameni kabla ya mkutano. Na mwulizeni yeye ada ya fleti zake ambazo hazijauzwa amelipa lini mara ya mwisho, maana mara nyingi jina lake haliko kwenye orodha ya mlangoni.

Nani hasa ni mwanachama

Mpangaji si mwanachama, hata awe ndiye anayelipa ada kila mwezi kwa niaba ya mwenye nyumba. Aweza kuja na karatasi ya uwakilishi. Sheria inamruhusu mwanachama kumtuma mwakilishi, na katiba nyingi hutaka karatasi hiyo ifike saa 48 kabla ya mkutano. Aliye Mombasa na fleti yake iko Tena au Fedha, hiyo ndiyo njia yako. Usimpe dalali anayekukusanyia kodi karatasi iliyo wazi. Andika umemwagiza apige kura vipi kwa kila ajenda.

Aliyenunua mkononi mwa mtu wa pili aangalie kama hisa ilihamishwa. Fleti nyingi huuzwa, mkataba ukabadilishwa jina, hisa ikasahauliwa. Kwenye daftari la kampuni mwanachama bado ni yule aliyeuza na kuhamia Kanada. Fomu ya CR12, inayoombwa kupitia eCitizen, huonyesha wakurugenzi na wenye hisa walioandikishwa. Jina lako likikosekana, una shida kubwa kuliko ada.

Na marehemu. Hili linatuhusu sisi hasa. Mzee amefariki, watoto sita, fleti ya Umoja imebaki kwa jina lake, kila mtu anangoja mwingine aende kwa Kadhi. Miaka inapita, ada inalimbikizwa, na siku ya mkutano ndugu wawili wanakuja kila mmoja akidai kura. Mwenyekiti hana budi kuwakataa wote wawili mpaka apatikane msimamizi wa mirathi aliyetambuliwa na mahakama. Deni nalo halilali. Litatolewa kwenye urithi kabla ya mgao, kama madeni mengine ya maiti.

Yasiyoruhusiwa na yanayowezekana

Kamati nyingi hukata maji ya mdaiwa. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 43, imeyataja maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu, na anayekata mfereji wa familia yenye watoto ajiandae kujieleza mahakamani. Wengine hubandika majina ya wadaiwa getini au kuyatupa kwenye kundi la WhatsApp lenye wapangaji na mafundi. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mtu aweza kwenda kulalamika kwa Kamishna wa Data. Mbali na sheria, ni aibu. Kuna mjane, kuna aliyeachishwa kazi. Sura ya al-Baqara imeagiza deni liandikwe, na imeagiza pia mwenye dhiki angojwe.

Kamati inayotaka pesa zake ifanye haya: imtumie kila mwenye nyumba taarifa ya hesabu kwa maandishi, si siku ya mkutano bali wiki kadhaa kabla. Impe nafasi ya kupinga. Ikishindikana, barua ya madai, kisha mahakama. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni moja, ingawa mdaiwa aweza kupinga kwamba jambo ni la ardhi, na hapo ndipo wakili hufaa. Kwa mashirika ya sheria ya 2020 kuna kamati ya ndani ya kusuluhisha migogoro, na ni nafuu kuliko korti.

Nawe unayedaiwa: usiache kulipa kwa sababu lifti imekufa. Mikataba mingi haikupi ruhusa ya kushikilia ada kama adhabu, na ukishaingia kwenye malimbikizo umewapa silaha. Lipa, andika kwenye barua kwamba unalipa huku ukipinga, kisha nenda mkutanoni uwaulize hesabu zilizokaguliwa. Ukizuiwa mlangoni, usirudi nyumbani. Ingia, simama, taja kwamba unataka kupiga kura, uliza kifungu, na udai pingamizi lako liandikwe kwenye kumbukumbu. Katiba nyingi husema pingamizi kuhusu haki ya kura litolewe palepale mkutanoni. Ukinyamaza siku hiyo, baadaye utaulizwa ulikuwa wapi.

Shangazi alinyamaza. Hata hivyo tulianza na karatasi. Katiba ya kampuni yao niliipata kwa jirani wa ghorofa ya pili, na ina kile kifungu cha zamani tu, cha fedha kuhusu hisa. Orodha ilisema anadaiwa 49,000, miezi 14. Tukatoa taarifa zake za M-Pesa. Miezi 11, jumla 38,500, alikuwa ameituma kwa simu ya mweka hazina wa zamani, kama alivyoambiwa, na hakuna aliyeihamishia kwenye hesabu za kampuni. Miezi mitatu, 10,500, ilikuwa kweli hajalipa. Alilipa yote siku iliyofuata, na hakutaka niandike neno la kupinga kwenye hiyo. "Hiyo ni haki yao," akasema.

Barua yake kwa wakurugenzi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Majirani wengine wanne waliokuwa kwenye orodha ileile wakatia sahihi chini yake, wawili wakiwa na risiti kama zake. Mkutano mwingine umeitishwa, na ajenda ya ada na ya maegesho imerudishwa mezani. Nilimpelekea fomu ya uwakilishi ili nimsaidie kupiga kura.

Akanirudishia. "Nitashuka mwenyewe."